KITUO CHA HALE: MTAMBO MKUUKUU NA DENI LA MTO





Katika toleo hili twawaalikeni kutafakari jambo ambalo baadhi yenu mtaliona geni katika kurasa hizi, nalo ni kituo cha kuzalisha umeme. Tena si kituo cha hapa Songea, bali ni kituo cha zamani kilichoko mbali nasi, kando ya Mto Pangani, mahali paitwapo Hale, wilayani Korogwe, mkoani Tanga. Mtauliza: Sisi watu wa Ruvuma tuna nini na mto wa Tanga? Tunayo mengi, na la kwanza ni la damu.

Jasho la babu zetu

Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Vijana wa leo huenda hawalijui neno hilo. Kibarua aliyeandikishwa kwenda kukata mkonge alipewa namba, na kuanzia siku hiyo namba ile ikawa kama jina lake. Baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, nchi yetu ya Ungoni ilibaki na makaburi, njaa na maghala matupu. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha haikuwapo. Songea ilikuwa mbali na reli, mbali na bandari, mbali na soko. Kitu pekee ambacho serikali ya kikoloni na wenye mashamba walikiona huku kwetu kuwa ni bidhaa kilikuwa nguvu za wanaume. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kikaitwa SILABU, na Songea ikawa mojawapo ya sehemu walikochota watu mwaka hata mwaka.

Babu alirudi na blanketi mbili, baiskeli, na kikohozi kilichomsindikiza hadi kaburini. Alipokuwa akisimulia habari za Tanga, jambo lililomshangaza kuliko yote halikuwa bahari. Lilikuwa taa. Alisema kwamba usiku kiwanda kiling'aa kama kuna harusi, na wao kambini waliwasha kibatari. Hakuwahi kuuliza mwanga ule ulitoka wapi, wala hakuna aliyejishughulisha kumweleza.

Mwanga wa Tanga ulitoka mtoni. Mwaka 1931 serikali ya Waingereza iliikabidhi kazi ya umeme mikononi mwa kampuni mbili za watu binafsi: moja kwa ajili ya Dar es Salaam, na nyingine, iliyoitwa TANESCO, kwa ajili ya sehemu nyingine za nchi. Mwaka uliofuata, kampuni ya umeme yenye makao yake Nairobi ilinunua sehemu kubwa ya hisa za TANESCO. Katikati ya miaka ile ya 1930 TANESCO ilijenga kituo kwenye Maporomoko ya Pangani, kikapeleka umeme mjini Tanga na kwenye mashamba ya mkonge. Hivyo maji ya mto yalizungusha mashine zilizosindika majani ambayo babu zetu waliyakata. Katika hesabu za kampuni maji yale yaliandikwa, mashine ziliandikwa, faida iliandikwa. Watu waliandikwa kwa namba.

Hatusemi haya ili kufukua chuki. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata jasho bila daftari husahaulika, na watu wasiojua jasho lao lilipokwenda ni vigumu kwao kudai kilicho haki yao.

Kituo cha Hale na kazi yake

Baada ya Uhuru mahitaji ya umeme yalikuwa yakikua. Mwaka 1964 kituo cha Hale kilianza kazi, na mwaka huohuo Serikali yetu ilinunua hisa zile kubwa za TANESCO zilizokuwa mikononi mwa kampuni ya Nairobi. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba Hale na umeme wa Taifa vimekua pamoja kama watoto wa rika moja. Umeme wa Hale ulipelekwa Tanga na pia Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa, kabla ya kujengwa kwa vituo vikubwa vya Bonde la Rufiji, mji mkuu wa wakati ule uliutegemea sana mto huu.

Kwa wale ambao hawajapata kukiona kituo cha namna hii, tueleze kwa ufupi kinavyofanya kazi. Mto huzuiliwa kwa banio. Maji hupita kwanza kwenye wavu wa chuma unaozuia magogo na takataka, kisha huingizwa katika njia iliyochimbwa mwambani na kuangushwa chini kwa kishindo, kiasi cha meta 70. Huko chini kabisa, ndani ya ardhi, kuna chumba cha mitambo. Maji hupiga mapanga ya gurudumu kubwa la chuma liitwalo tabaini, nalo huzunguka na kuizungusha jenereta. Hale ina mitambo miwili ya namna hiyo, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 10.5, yaani jumla megawati 21. Baada ya kazi hiyo maji hayapotei. Hutoka upande wa pili na kurudi mtoni, yakaendelea na safari yake kwenda baharini.

Na safari hiyo ina mambo ya kutafakarisha. Maji hayohayo, kabla ya kufika Hale, yamekwisha kupita katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, lililojengwa katika miaka ile ya 1960. Hapo pana kituo kidogo cha megawati 8. Yakitoka Hale huteremka kilometa chache tu na kuingia katika kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani chenye megawati 68, kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Norway, Sweden na Finland na kuanza kazi mwaka 1995 mahali pa kile cha wakoloni. Mtashangaa: maji ni yaleyale, kwa nini kituo cha chini kizalishe zaidi ya mara tatu ya Hale? Sababu ni kwamba huko yanaanguka kutoka juu zaidi. Nguvu ya umeme wa maji hutokana na mambo mawili: wingi wa maji na urefu wa maanguko. Mwanadamu huyatumia maanguko aliyopewa na mwamba. Wingi wa maji hutegemea mvua, na hutegemea pia mwenendo wa watu wanaoishi juu ya mto.

Tone moja la maji, basi, hufanya kazi mara tatu kabla ya kuiona bahari. Na tone moja linalopotea huko juu hupungukiwa mara tatu.

Meza moja, walaji wengi

Hapa ndipo palipo kiini cha jambo. Mto Pangani huanzia katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Kabla maji hayajafika kwenye tabaini yoyote, yamekwisha kupita mikononi mwa maelfu ya watu. Wachaga walichimba mifereji yao, waiitayo mifongo, karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kuuona mlima ule. Wapare walijenga mabwawa yao madogo, waitayo ndiva, ya kukusanya maji usiku na kuyafungulia mashambani mchana. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya miwa na kahawa. Miji ya Arusha na Moshi ikapanuka. Katika miaka ya 1980 ulikuja mradi wa umwagiliaji wa mpunga wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mpunga ulistawi hata wakulima wa jirani, walipoona mafanikio yale, wakafungua majaruba yao wenyewe nje ya mradi, na maji yakawa hayatoshi. Mwaka 1991 Serikali ilifungua Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ili kusimamia ugawaji.

Tangu hapo pamekuwa na mvutano usiokwisha. Shirika la umeme linasema: tuna kibali cha maji, na maji yetu hayafiki. Mkulima wa mfongo anasema: babu yangu alichimba mfereji huu kwa jembe la mti, na leo naambiwa niombe kibali na kulipia. Mwenye majaruba anasema: watoto watakula nini? Na kule chini kabisa, mjini Pangani, watu wanasema: ninyi nyote huko juu mnabishana, na sisi bahari inapanda mtoni, maji yetu yanageuka chumvi.

Ndugu zangu, ni rahisi kwa mtu wa mjini mwenye taa na redio kumlaumu mkulima kuwa anaiba maji ya Taifa. Vivyo hivyo ni rahisi kwa mkulima kuuona mtambo kuwa ni dude la wakubwa. Kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja anaona sehemu yake tu ya mto.

Tena wapo ambao hawatajwi kabisa. Kabla ya bwawa la Nyumba ya Mungu, mto ulifurika kila mwaka na kumwagika katika mabwawa ya asili ya Kirua, ambako watu walivua samaki, walilisha mifugo na kulima baada ya maji kupungua. Bwawa lilipoanza kuyashika maji na kuyatoa kwa kipimo ili mitambo ya chini ipate maji mwaka mzima, mafuriko yale yalipungua na mabwawa ya Kirua yakasinyaa. Katika bwawa jipya wavuvi walipata samaki wengi mno mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha samaki nao wakapungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Bwawa lilipewa jina tukufu, Nyumba ya Mungu. Lakini nyumba ya Mungu haina budi kuwa na nafasi kwa maskini pia, na katika hesabu za umeme mvuvi wa Kirua hana mstari wake.

Uzee wa mtambo

Sasa tuje kwenye uzee. Hale imekwisha kupita miaka sitini. Mtambo wa maji una maisha marefu ukitunzwa, lakini una adui wake. Milima ikikatwa miti, mvua huleta mchanga na matope. Mchanga hupita kwenye tabaini na kuyala mapanga yake polepole, kama msasa unavyoula ubao. Nyaya za shaba ndani ya jenereta huchoka kwa joto la miaka mingi. Vipuri vilivyotengenezwa katika miaka ya 1960 havipatikani dukani. Huna budi kuviagiza kwa kuchongesha upya. Kwa sababu hizi kituo cha Hale kimepitia vipindi virefu vya kufanya kazi chini ya uwezo wake, na Serikali ya Sweden iliingia katika mpango wa kusaidia kukikarabati.

Wapo wanaosema: kiachwe kife. Nao wana hoja. Mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ulianza kuzalisha. Kituo kile kina mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Hale nzima ni kama sehemu moja tu katika mia ya kituo kile. Mwezi Machi 2024 ilitangazwa hata kwamba vituo vitano vya maji vimezimwa kwa muda kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Ya nini, basi, kumhangaikia mzee?

Lakini baada ya mwaka mmoja tu, Machi 2025, Taifa lilielezwa kwamba Serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Sababu iliyotolewa ni kwamba umeme unaosafirishwa kutoka kusini na mashariki hupotea mwingi njiani, na hasara yake kwa mwaka ni mabilioni ya shilingi. Tukumbuke kwamba Hale, Nyumba ya Mungu na Maporomoko ya Pangani viko hukohuko kaskazini mashariki, karibu na watumiaji. Mzee tuliyemwona hana kazi ndiye anayeishi jirani na wenye shida.

Hatuandiki haya ili kuwafundisha wahandisi kazi yao. Wao wanajua kuliko sisi ni lini mtambo ukarabatiwe na ni lini upumzishwe. Tunachosema ni hiki: taifa linalojua kuzindua tu, lisilojua kutunza, litakuwa maskini daima hata likijenga mabwawa mia. Siku ya uzinduzi kuna ngoma, kuna hotuba, kuna utepe wa kukatwa. Siku ya kubadilisha vipuri hakuna ngoma. Kuna fundi mmoja aliyeshuka chini ya ardhi na tochi yake, na mikono yake imejaa grisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa umeme tumeujenga kwa bei kubwa. Katika miaka ya ukame na mgawo wa umeme, kama 1992, 2006 na 2011, nchi iliingia kwa pupa katika majenereta ya mafuta na mikataba ya haraka ambayo baadhi yake ilileta aibu na madeni kwa wananchi wote, pamoja na wale wasio na hata taa moja nyumbani.

Mfongo wa Wachaga ulikuwa na utaratibu ambao sisi sote twaweza kujifunza kwake. Ilipofika siku ya kuzibua mfereji, wenye kunywa maji yake waliitwa wote na majembe yao. Asiyekuja alitozwa faini. Na aliyekaidi aliweza kunyimwa maji. Hakuna aliyeruhusiwa kusema: mimi ni wa kunywa, kusafisha ni kazi ya wengine. Hiyo ndiyo siri ya mifereji ile kudumu kizazi hata kizazi. Haikudumu kwa sababu ya uimara wa udongo. Ilidumu kwa sababu kila mnufaika alikuwa pia mtunzaji.

Haya yanatuhusu nini hapa Songea?

Yanatuhusu sana. Kwanza, tumesubiri mwanga kwa muda mrefu kuliko wengi. Wakati umeme wa mto ulioendesha viwanda vya mkonge ulipokwisha kutimiza miaka themanini, sisi huku bado tulikuwa tukitegemea majenereta ya dizeli, na mafuta yake yalipandishwa na malori ya matangi kupitia Makambako na Njombe. Lori likikwama, mji ulikuwa giza. Ni mwaka 2018 tu ndipo njia ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Makambako, iliyojengwa pia kwa msaada wa Sweden, ilipotuunganisha na Gridi ya Taifa. Kwa hiyo leo taa ya sakristia ya Songea na taa ya nyumba ya Korogwe zinakula chungu kimoja. Mtambo wa Hale ukisimama, ni pengo katika chungu chetu pia. Mto wa Tanga umekuwa mto wetu.

Pili, sisi wenyewe tumekuwa wazalishaji. Masista Wabenedikto wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walijenga kituo cha Tulila kwenye Mto Ruvuma, chenye uwezo wa megawati 5, nacho kilianza kazi mwaka 2015 na kuiuzia TANESCO umeme. Tunawashukuru na tunajivunia. Lakini Tulila nayo itazeeka. Itafika siku ambapo mapanga yake yataliwa na mchanga, na mchanga huo utakuwa umetoka katika mashamba yetu.

Hapa sharti tuseme ukweli, hata kama hautupendezi. Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, ile tunayoiona kila asubuhi tukifungua dirisha. Humohumo hutoka Mto Luhira, unaounywesha mji wetu. Ni nani anayelima katika vyanzo vile? Ni nani anayechoma moto mlimani kila kiangazi ili kuwinda panya na kupata majani mabichi? Ni nani anayefyatua matofali kando ya vijito na kuyachoma kwa kuni za mlimani? Tusiwanyoshee kidole watu wa mbali. Ni sisi tunaokaa pamoja katika jumuiya, tunaopokea sakramenti kwenye meza moja. Na matofali hayo, ndugu zangu, mengine tumejengea nyumba za Mungu.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Sheria ni njema. Lakini sheria inayomfukuza mama mjane kwenye bustani yake ya mboga bondeni bila kumwonyesha pa kwenda, huku ikimwacha mwenye shamba kubwa aliye na jamaa ofisini, hiyo imekuwa fimbo ya mwenye nguvu. Haki ya mto haigawanyiki. Anayemlinda samaki na kumdhulumu mjane hajalinda kitu.

Yatupasayo kutenda

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii, tangu waraka wa Papa Leo wa 13 wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi hadi waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, yanatukumbusha mambo mawili. Mali ya dunia imekusudiwa kwa wote. Na mfanyakazi si chombo. Mambo hayo yana uzito wake mtoni na kiwandani kama yalivyo nao altareni. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa parokia na vigango vyetu.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo itenge kikao kimoja kujiuliza: Maji tunayokunywa yanatoka wapi? Nani yuko juu yetu, nani yuko chini yetu? Tumewahi kuzungumza nao? Tusimalize kikao kwa sala tu. Tutoke na majina ya watu wa kwenda kuwaona.

Pili, viongozi wa walei wajue kwamba sheria ya maji ya mwaka 2009 inaruhusu wananchi kuunda jumuiya za watumia maji, na kwamba sisi tumo katika Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Jumuiya hizi zisiachwe ziwe za wenye pampu pekee. Mwanamke anayechota kwa ndoo ni mtumia maji, naye ana haki ya kiti na ya kusema. WAWATA walisimamie hilo.

Tatu, parokia zianze na nyumba yao. Tukiwa na ujenzi, tuulize matofali yamechomwa kwa kuni za wapi. Tukiwa na shamba la parokia karibu na kijito, tulipime kwa kamba meta 60 sisi wenyewe kabla hajaja bwana shamba kutupimia. Tukiona tumevuka mpaka, turudi nyuma hadharani, na Paroko awe wa kwanza.

Nne, tuwe na daftari. Pampu ya kijiji, mashine ya kusaga ya ushirika, jenereta la zahanati, tangi la maji la shule: kila kimoja kiwe na kitabu kinachoonyesha kilinunuliwa lini, kimetengenezwa lini, fedha za matengenezo ziko wapi na zimeshikwa na nani. Mwenye kukabidhiwa asione aibu kuulizwa, na mwenye kuuliza asiitwe mchochezi. Mitambo mingi midogo ya vijijini hufa mapema kuliko ilivyopasa, na mara nyingi kinachokosekana si fundi, bali ni elfu kumi za beringi ambazo hakuna aliyeziweka.

Tano, tunapoidai Serikali umeme, nasi tunayo haki ya kuudai, tudai pia utunzaji. Mbunge akija na habari ya mradi mpya, tumpigie makofi, kisha tumwulize kwa heshima: Na ule wa zamani u hali gani? Na watu waliohamishwa, au waliopungukiwa maji kwa ajili ya mradi huo, wamepewa nini? Maswali hayo mawili si ya upinzani wala ya chama. Ni maswali ya mtu anayejua kwamba chungu ni chake.

Hitimisho

Babu yangu alikufa kabla nguzo ya umeme haijafika kijijini kwetu. Siku tulipowashiwa taa, bibi mmoja wa ukoo wetu, aliyemjua babu katika ujana wake, aliitazama balbu kwa muda, halafu akasema: "Kumbe ndiyo hii aliyokuwa akituambia." Hakusema neno jingine. Nami nilikaa kimya, maana sikujua kama nifurahi au nilie.

Huko Hale, ndani ya ardhi, kila siku ambayo mtambo unazunguka, fundi fulani anasikiliza mlio wake kama mganga asikilizavyo kifua cha mgonjwa mzee. Huko juu, mkulima wa Kilimanjaro anafungua mfongo wake. Kule chini, mvuvi wa Pangani anaonja maji kama yana chumvi. Nasi huku Songea tunabonyeza swichi. Sisi wanne tunadaiana, na deni lenyewe halilipwi mara moja likaisha. Hulipwa kila msimu: kwa mti uliopandwa, kwa mfereji uliozibuliwa, kwa beringi iliyonunuliwa kwa wakati, na kwa kikao ambacho mjane wa bondeni alipewa nafasi ya kusema.

Mungu aliyetupa mito atujalie akili ya kuitunza na moyo wa kuigawana.